Herufi mbili kwenye injini ya Antonov

Kabla ya Januari 2025, mtu aliyeketi ufukweni Gisenyi hakuhitaji kuinua macho ili ajue kwamba ndege ya mizigo inatoka Goma. Njia ya kurukia ya uwanja ule imelala kaskazini-kusini, ncha yake ya kusini ikielekea Ziwa Kivu, na uwanja wenyewe uko karibu na mpaka wa Kongo na Rwanda. Mngurumo wa rafadha ulitangulia, ndege ikafuata juu ya maji. Watoto walisema, “Antonov!” Wakubwa wakaongeza, “Ya Warusi.”

Neno la kwanza mara nyingi lilikuwa sahihi. Hilo la pili limetupotosha kwa muda mrefu, na dawa yake ni kuisoma injini.

Wasovieti walikuwa na desturi ya kuzipa injini nyingi za ndege herufi za mwanzo za jina la mbunifu mkuu. Ukikuta kibati cha injini chenye herufi A ikifuatwa na kitu kama N iliyogeuzwa, yaani АИ, unasoma “AI”: Aleksandr Ivchenko. Mhandisi huyo aliongoza ofisi ya usanifu iliyoanzishwa mwaka 1945 katika mji wa Zaporizhzhia, na Zaporizhzhia iko Ukraine. Kampuni ya Antonov nayo ilizaliwa Novosibirsk, Siberia, mwaka 1946, lakini ilihamia Kyiv mwaka 1952 na kubaki huko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mngurumo tuliouita wa Kirusi ilibuniwa na watu wa Ukraine.

Injini iliyompa Ivchenko sifa ni AI-20, ambamo hewa moto huzungusha tabo, yaani turbini, na tabo huzungusha rafadha. Ilikuwa na mpinzani wake, NK-4 ya Nikolai Kuznetsov. An-12, ndege ya mizigo ya injini nne, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 16 Desemba 1957 ikiwa na NK-4, na ndege ya abiria Il-18 nayo ilianza nayo. Kisha AI-20 ikashinda, ikafungwa kwenye zote mbili, na NK-4 ikaachwa. Ndiyo maana kibati chenye НК-4 ni kitu adimu sana leo, wakati АИ-20 imeenea duniani kote. Tofauti kati ya hazina ya makumbusho na kipuri cha kawaida inaweza kuwa herufi mbili tu. Msomaji asiyejua alfabeti ya Kisirili akumbuke kwamba Н yao ni N yetu, na И yao ni I.

Kwetu sisi wa ziwani, aliye muhimu kuliko wote katika ukoo huu ni AI-20D. Goma na Gisenyi ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Bawa hukosa mahali pa kuegemea, injini hukosa pumzi. India ilikuwa na shida hiyohiyo katika viwanja vyake vya Himalaya, na An-32, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ilitengenezwa kwa ajili ya mazingira ya namna hiyo. Wahandisi wa Antonov walichukua umbo la An-26, ndege yao ya mizigo ya awali, wakaondoa injini zake za AI-24 zenye nguvu za farasi zipatazo 2,800, wakafunga AI-20D zenye zaidi ya 5,000. Rafadha kubwa kiasi hicho, yenye kipenyo cha karibu mita 5, ingekwangua ardhi, hivyo injini zikapandishwa juu ya mabawa. Hiyo ndiyo alama ya kuitambua An-32 hata ukiwa mbali: injini mbili nene zilizokaa juu ya bawa kama mzigo mgongoni. An-26 huonekana imetulia zaidi, lakini ina siri yake. Nyuma ya injini ya kulia imefichwa injini ndogo ya jeti, RU-19, ya kusaidia kuwasha na kuruka.

Si kila kinachoitwa Antonov ni Antonov. Let 410, ndege ndogo iliyozoeleka sana Kivu, ni ya Wacheki, na injini zake za Walter M601 zilitengenezwa Praha. Ilyushin 76, ile kubwa ya jeti nne, ndiyo yenye haki zaidi ya kuitwa ya Warusi: injini zake za D-30KP zilibuniwa katika ofisi ya Pavel Soloviev mjini Perm. Hata An-2, ndege ya mabawa mawili juu na chini, ina damu ya mbali. Injini yake ni АШ-62, na hiyo Ш inayofanana na uma wa meno matatu ni ya Arkady Shvetsov. Yeye alianzia kwenye Wright Cyclone ya Marekani, ambayo Wasovieti walinunua leseni yake miaka ya 1930.

Ndege hizi zilifikaje huku? Zaire ya Mobutu, yaani Kongo ya leo, ilikuwa rafiki wa nchi za Magharibi. Mlango ulifunguka baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, ndege na marubani wake wakatafuta kazi popote palipo na mzigo. Mwaka 1994 Ufaransa ilikodi hata An-124, jitu la jeti nne, kupeleka vifaa Goma kwa Operesheni Turquoise, ujumbe wake wa kijeshi nchini Rwanda. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ya Goma, na ndege kubwa zikakosa urefu wa kutosha.

Historia hii ina majonzi pia. Tarehe 8 Januari 1996, An-32 ilishindwa kuruka Kinshasa ikaingia katika soko la Simbazikita na kuua mamia ya watu. Usalama pia huanzia kwenye kibati: injini yoyote ya ndege ina saa zake za kuishi zilizohesabiwa, na hesabu hiyo imefungwa kwenye namba iliyo kwenye kibati. Kibati kikipotea, injini haina umri wala historia, na kuifunga kwenye ndege ni kucheza na roho za watu.

Wasovieti waliwazoesha watoto wao injini mapema. Chini ya DOSAAF, shirika lililoundwa mwaka 1951, vijana walijenga ndege za mfano zenye injini zinazoenea kiganjani: MK-16 ya sentimita za ujazo 1.5, MK-12V ya 2.5, Ritm, Raduga. Zile zisizo na plagi, kama MK-16, hunywa etha, mafuta ya taa na mafuta ya mbarika, huu huu mbarika unaoota wenyewe kando ya njia zetu. Oleg Antonov, mwenye jina la kampuni ile, naye alianza akiwa kijana, akihangaika na ndege zisizo na injini, kabla hajafikisha miaka 20.

Uwanja wa Goma ulifungwa wakati waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025. Chuma cha zamani kilichobaki kitauzwa kwa kilo. Wanunuzi wa chuma chakavu wa Gisenyi na Goma, nawaomba: kabla ya msumeno kugusa injini, safisheni kibati, kipigeni picha, andikeni herufi na namba zote kama zilivyo, na andikeni pia ilikotoka.