Kiti cha Wally Funk

Julai 20, 2021 nilikaa mbele ya runinga nikiwa nimeshanuna. Bilionea Jeff Bezos alikuwa anakwenda anga za juu kwa roketi ya kampuni yake, safari ya dakika 10 hivi. Kiti kimoja kilikuwa kimepigwa mnada kwa dola milioni 28. Nikajisemea, pesa zimekosa kazi hizi!

Chombo kilipotua Texas, akatoka bibi wa miaka 82, kanyoosha mikono, anacheka kama mtoto. Wally Funk, mgeni wa Bezos. Jamani, nuna yangu yote ikaisha.

Mwaka 1961, akiwa rubani wa miaka 22, Funk aliingia kwenye mpango binafsi wa daktari Randolph Lovelace, uliowapima wanawake kwa vipimo walivyopimwa wanaanga wa kwanza wa Marekani. Alikaa zaidi ya saa 10 akielea kwenye tangi la maji, gizani, bila kusikia kitu. Wanawake 13 walifaulu. Lakini NASA ilitaka marubani wa majaribio wa ndege za jeti za kijeshi, na jeshi halikuwapa wanawake kazi hiyo. Basi, ikaishia hapo.

Nilimfurahia, kweli. Ila kuna kitu kimenikaa kooni mpaka leo. Alichostahili tangu ujana alikuja kupewa kama zawadi, miaka 60 baadaye, na zawadi hutolewa mwenye mali akipenda. Wenzake 12, hakuna hata mmoja aliyefika huko.