Milima ya Mbali na Milima yenye Majina: Michoro ya Baker na Masimulizi ya Walugbara

Makala haya yanadai kwamba mchoro wa msafiri hutuonyesha kwanza mahali aliposimama mchoraji. Tarehe 14 Machi 1864, Samuel Baker alilifikia ziwa aliloliita Albert. Ng'ambo ya magharibi aliona milima ya samawati, akakadiria kuwa iko umbali wa maili 50 au 60, ilhali upana wa ziwa kwa wastani ni takriban maili 20. Kwa macho ya aliye mbali hivyo, hakuna nyumba wala shamba. Kitabu chake cha mwaka 1866, chenye picha zilizotokana na michoro yake, kiliwafikia wasomaji waliokwisha kuzoea kustaajabia milima ya nyika katika sanaa ya Ulaya na Marekani.

Hata hivyo, nyanda za juu kaskazini-magharibi mwa ziwa zilikaliwa na Waalur. Kaskazini zaidi, Walugbara walikuwa na milima yao: Wati, unaohusishwa na Dribidu, na Liru, karibu na Koboko, unaohusishwa na Jaki. Katika masimulizi aliyoyakusanya John Middleton kuanzia 1949, mashujaa hao wawili ndio chimbuko la koo za Walugbara. Kuutaja mlima, basi, ni kuitaja nasaba.

Kwa kuhitimisha, mwanahistoria wa West Nile aisome picha sambamba na simulizi. Akiitegemea picha peke yake, ataiita nyika tupu nchi ambayo wenyewe walikwisha kuipa majina.