Shoga wa Nyumbani, Shoga wa Mbali

Wilaya ya Ngara inapakana na nchi mbili, na kwa jambo la mapenzi ya jinsia moja inakutana na sheria tatu. Ukivuka daraja la Rusumo umeingia Rwanda, ambako mwanamume hafungwi kwa kulala na mwanamume mwenzake. Mwaka 2009 lilikuwapo pendekezo la kulifanya kosa la jinai, likaachwa. Ukipitia Kabanga umeingia Burundi, ambako mwaka huohuo kiliandikwa kifungu cha 567, chenye kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Ukibaki upande wetu, Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Waingereza na kukikaza mwaka 1998, kinaanzia miaka 30 na kuishia maisha. Kihangaza chetu, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za ukoo mmoja. Watu wa pande hizi wanaoana, wanazikana, wanauziana ndizi na ng'ombe. Anayesema adhabu hizi zimetoka katika mila zetu ana kazi ya kueleza jinsi mila za majirani hawa watatu zilivyozaa adhabu zisizofanana hata kidogo.

Naamini sehemu ya jibu imo katika hadithi. Hadithi ambazo jamii imezoea kuzisikia juu ya mtu wa namna fulani humwekea mahali pake kabla hajazaliwa. Ili kulipima wazo hilo nimeziweka hadithi zetu kando ya zile za Ufilipino, na nimeichagua nchi hiyo kwa makusudi. Wafilipino walio wengi ni Wakatoliki, kama walivyo Wakristo wengi wa Rulenge na Biharamulo. Kanisa ni lilelile, rozari ni ileile. Lakini shirika la utafiti la Pew lilipouliza mwaka 2013 kama jamii iwakubali wapenzi wa jinsia moja, Wafilipino 73 katika kila 100 walisema ndiyo. Kenya walikuwa 8, Uganda 4. Dini peke yake haiwezi kubeba mzigo wa tofauti hiyo.

Nianze na Ufilipino. Mwaka 1974 Orlando Nadres aliandika tamthilia ambayo bado inatajwa kila fasihi ya mashoga ya huko inapozungumzwa, Hanggang Dito na Lamang at Maraming Salamat. Fidel anaificha nafsi yake, Julie haifichi. Fidel anamsomesha kijana ambaye moyoni anampenda, naye Julie ndiye anayeusema ukweli ambao Fidel anauogopa. Hakuna mgeni katika mchezo huo. Hakuna mzungu aliyekuja kumharibu mtu, wala tajiri wa kigeni. Wote ni watu wa mji mmoja, wanajuana, na anayeugua ukimya anaugulia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Miaka minne baadaye mwongozaji Lino Brocka alitoa filamu ya Ang Tatay Kong Nanay, akimtumia Dolphy, mchekeshaji aliyependwa na taifa zima. Dolphy anaigiza kama Coring, msusi anayeachiwa mtoto mchanga na mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake. Coring anamlea. Anapika, anafua, anahangaikia karo, na mbele ya mtoto anajilazimisha kutembea na kuongea kama baba wa kawaida. Kisha mama mzazi anarudi, ana fedha, anamtaka mwanawe. Watazamaji walikuwa wamezoea kumcheka Dolphy akiigiza mashoga. Brocka aliuchukua uzoefu huo wa kicheko akaufikisha mahali ambapo mtazamaji anajikuta upande wa Coring. Nadhani hii ni moja ya kazi za sanaa zenye huruma kubwa nilizowahi kuzitafakari. Haimtetei mtu kwa hotuba. Inamwonyesha akimlisha mtoto.

Njia hiyo iliendelea. Carlo Vergara alichora hadithi ya katuni mwaka 2002 ambamo msusi aitwaye Ada anameza jiwe na kugeuka kuwa mwanamke shujaa anayeuokoa mji wake. Mwaka 2005 ikaja filamu juu ya Maximo Oliveros, mvulana wa miaka 12 katika mtaa wa mabanda wa Manila. Baba na kaka zake ni wezi wadogowadogo, wanaume wagumu, nao wanampenda na kumlinda jinsi alivyo. Yeye ndiye anayepika na kushona tangu mama afariki. Kabla ya hapo, mwaka 1994, J. Neil Garcia na Danton Remoto walikuwa wamehariri Ladlad, mkusanyiko ambao mashoga wenyewe waliandika juu ya maisha yao, na jina hilo hilo baadaye likabebwa na chama cha siasa ambacho Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikiruhusu kugombea mwaka 2010.

Nisiipake rangi nchi ya watu. Garcia mwenyewe, katika uchunguzi wake wa mwaka 1996 juu ya utamaduni wa mashoga wa Ufilipino, anawaonya wasomaji wasiuchukulie uvumilivu kuwa ndio kukubaliwa. Shoga anavumiliwa akikaa saluni, akichekesha, akiisomesha familia kwa jasho lake. Akitaka kupendwa naye, au kutajwa kazini kwa heshima ileile ya wengine, mlango unafungwa. Muswada wa kuzuia ubaguzi umezungushwa bungeni tangu mwaka 2000. Katika vitabu vingi yeye ndiye anayetoa na kijana mzuri ndiye anayepokea kisha anaondoka kuoa. Hiyo ni dhuluma, na waandishi wao wameiita hivyo. Hata hivyo ni dhuluma inayotendeka nyumbani, kati ya watu wanaojuana majina.

Sasa turudi kwetu.

Hadithi ya eneo hili inayogusa jambo hili na iliyosikiwa na watu wengi zaidi haikuandikwa kama riwaya. Ni habari ya mashahidi wa Uganda. Kila Juni mahujaji hutoka Kagera kwenda Namugongo, na parokia zetu zina watoto walioitwa Karoli na Kizito, majina ya mashahidi hao. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wa jumba lake, na katika masimulizi ya Kanisa sababu mojawapo ni kwamba Karoli Lwanga na wenzake walimkatalia alipowataka kimwili. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Nawaheshimu mashahidi hao kwa moyo wote. Mtoto anayemkatalia mfalme anastahili altare. Ninachotaka kionekane ni mahali alipowekwa mwanamume anayetaka wanaume katika simulizi hilo. Yuko juu, kwenye kiti cha enzi, na walio chini yake hawana sauti.

Mwandishi Abdulrazak Gurnah naye anampata mtu huyo mahali pa nguvu. Katika Paradise, riwaya ya mwaka 1994, Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni. Katika msafara wa kwenda bara anakutana na Mohammed Abdalla, mnyapara, ambaye wapagazi wanamwogopa kwa fimbo yake na kwa anavyowatazama wavulana. Nchi yetu inawajua wanyapara wa namna hiyo. Misafara kutoka Tabora kwenda Karagwe ilipita Usui, katika pande hizi zetu. Mvumbuzi John Hanning Speke alikwama huko mwaka 1861 akilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa mtemi Suwarora. Gurnah ameandika kweli: biashara iliyogeuza watoto kuwa rehani haikuishia kuwanyang'anya kazi tu. Katika By the Sea, ya mwaka 2001, anakuja na pepo za msimu Hussein, mfanyabiashara kutoka Ghuba. Anapanga chumba katika nyumba ya watu, anamshawishi kijana wa nyumba hiyo, Hassan, na Hassan anaondoka naye. Nyumba inabaki na aibu na deni.

Ukizikusanya hadithi hizi unaiona sura moja: mfalme, mnyapara, mgeni wa jahazini. Kila mara jambo hili linakuja kutoka juu au kutoka nje, na kila mara lina mwathirika. Simlaumu Gurnah; mtoto wa rehani alihitaji mtu wa kumsimulia. Shida ni jamii inayobaki na sura hiyo peke yake, ikaichukua kuwa ndiyo ramani ya watu wote. Kijana wa kijiji cha Biharamulo ambaye hajamgusa mtoto, hana cheo wala fedha ya kumshawishi mtu, anahukumiwa kwa makosa ya mnyapara aliyekufa zaidi ya karne moja iliyopita.

Ndiyo maana naona kitendo cha Binyavanga Wainaina cha Januari 2014 kuwa ni kikubwa kifasihi, si kisiasa tu. Alikuwa mwandishi wa Kenya anayejulikana: tuzo ya fasihi ya Caine mwaka 2002, jarida la Kwani? mwaka 2003, kitabu cha maisha yake mwaka 2011. Katika kitabu hicho aliacha jambo moja nje: kwamba yeye ni shoga. Aliporudi kulisema hakwenda mahakamani wala kwa waandishi wa habari kwanza. Aliandika sura iliyokosekana, na akaiweka kando ya kitanda cha mama yake hospitalini, Julai 2000. Anamsogelea, anamnong'oneza. Kisha anatuambia kwamba haikuwa hivyo. Alikuwa Afrika Kusini, hakuweza kusafiri, mama alifariki bila kuambiwa.

Mama huyo alikuwa Mfumbira wa Kisoro, kona ile ambako Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana, na mjini Nakuru alikuwa na saluni. Wahangaza wanaweza kuisikia lugha ya ukoo wake bila tabu kubwa. Kwa mara ya kwanza ninayoijua, mwandishi maarufu wa ukanda wetu alimtoa mtu huyu kwenye kiti cha mfalme na kwenye jahazi la mgeni, akamrudisha kwa mama yake, akiwa mtoto anayeogopa kumuumiza mzazi. Hapo yuko sawa na Fidel wa Nadres na Coring wa Brocka. Hofu yao ni moja: kupoteza nyumba.

Wengine wamefuata au walitangulia kwa njia zao. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Caine mwaka 2007 kwa hadithi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja, na kutoka humo Wanuri Kahiu akatengeneza Rafiki, filamu iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2018 na kisha ikaruhusiwa na mahakama kwa siku saba tu. Diriye Osman, Msomali, aliandika mkusanyiko wake mwaka 2013. Wainaina alifariki tarehe 21 Mei 2019, na siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikakataa kuvifuta vifungu vya wakoloni vinavyowaadhibu watu wa namna hii.

Tofauti moja inaniuma. Nadres, Brocka na Vergara walitumia lugha inayosemwa sokoni na kwenye basi. Kazi zetu nyingi zinazomrudisha mtu huyu nyumbani ziko katika Kiingereza, na mama wa kijijini Nyakahura, Biharamulo, hazimfikii. Kinachomfikia kwa Kiswahili ni mahubiri, habari za kukamatwa, na video za kudhalilishana zinazozunguka kwenye simu. Paradise imekwisha kuingia katika Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, na nimeifurahia. Lakini maana yake ni kwamba mnyapara amefika kwa Kiswahili kabla ya mtoto wa kitandani kwa mama. Sura ile ya Wainaina ni fupi, inasomeka kwa kikao kimoja, na mfasiri mzuri angeimaliza kwa muda mfupi.

Mwaka 2020 Mkenya Peter Murimi alitoa I Am Samuel, filamu aliyoifuatilia kwa miaka mitano juu ya kijana wa magharibi mwa Kenya, mtoto wa mkulima ambaye pia ni mhubiri. Humo kuna shamba, kuna ibada, kuna baba anayeuliza mwanawe ataoa lini, na wanasema lugha za kwao. Bodi ya filamu ya Kenya iliifungia Septemba 2021. Baba huyo angeeleweka Rulenge bila maelezo yoyote, na ningependa wazee wa kule wamwone, wabishane naye, wakubaliane naye au wamkatae, wakiwa wamesikia habari nzima.