Shokomzoba iliyokufa haipati joto: Datsun 240Z, Safari Rally na hesabu ya barabara mbovu

Leo naweka hifadhidata na seva kando, ingawa atakayesoma hadi chini ataona sikwenda mbali sana. Nataka tuzungumzie kifaa ambacho hapa Burumba kila fundi anakiita "shoki", Dar es Salaam utasikia shokapu, na kamusi inakiita shokomzoba. Nitakipitia kwa gari moja la michezo lililopata sifa zake kwenye vumbi letu, Datsun 240Z.

Mimi nilizaliwa zaidi ya miaka 20 baada ya gari hilo kushinda hapa, kwa hiyo ninayoyajua ni ya kusoma na ya kusimuliwa. Tuanze na mashindano yenyewe. Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ikaitwa East African Safari. Kwa sisi wa mpakani jina hilo lina uzito wake: waliopanga mashindano waliitazama Afrika Mashariki kama barabara moja ndefu. Leo ukisimama Busia au Malaba unachoona kwanza ni foleni ya malori.

Magari hayakupewa barabara iliyofungwa. Walikimbia kwenye barabara za kawaida, katikati ya ng'ombe, mabasi na matope ya msimu wa Pasaka, zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda na Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la milango minne. Mwaka uliofuata Nissan wakaleta kitu kingine kabisa: 240Z, gari la viti viwili, chini chini, pua ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Herrmann akashinda tena. Nyuma yake, kwenye 240Z nyingine, akaingia kijana aliyezaliwa Uganda aitwaye Shekhar Mehta.

Hapa lazima nisimame kidogo. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90. Wengi waliondoka kwa treni ya kutoka Kampala kwenda Mombasa, na reli hiyo inapita Malaba. Familia ya Mehta nayo ilihamia Kenya mwaka huo. Aprili 1973, miezi michache tu baadaye, Mehta alishinda Safari na 240Z, akiwa na msoma ramani Lofty Drews. Tena alishinda kwa namna ambayo mtu wa kompyuta ataipenda: yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, walimaliza na pointi sawa kabisa za adhabu. Ikabidi itumike kanuni ya pili, nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ni Mehta. Huo ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilikuwa ndani yake. Baadaye alishinda tena mfululizo, 1979 hadi 1982.

Sasa swali langu. Gari la michezo la chini vile linawezaje kustahimili barabara zetu? Ukiwauliza wazee wa gereji watakuambia injini. Mimi naona jibu kubwa liko chini ya gari. Lancia Stratos ilikuwa na kasi ya kutisha na haikuwahi kushinda Safari. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1974, nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh, na ya pili tena mwaka 1978, lakini ya kwanza haikuipata. Sisemi shokomzoba peke yake ndiyo iliyoamua. Nasema Safari ilikuwa mtihani wa kitu gani kitachoka kwanza, na shokomzoba ni kati ya vitu vinavyochoka kimya kimya.

Springi haimezi mtikisiko. Springi inauhifadhi na kuurudisha, ndiyo maana gari lenye springi tupu linadunda kama mpira. Kazi ya kuumaliza mtikisiko ni ya shokomzoba: pistoni inasukuma mafuta kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Basi. Shokomzoba ni jiko dogo. Zile za mwanzo, miaka ya mwanzoni mwa 1900, zilikuwa diski zilizosuguana tu. Za Truffault na Hartford ndizo zilizojulikana zaidi. Mfaransa Maurice Houdaille ndiye aliyeleta ya mafuta. Ugonjwa wa zile za mafuta ni kwamba zikipigwa mfululizo, mafuta hupata moto, huwa mepesi, na yakichanganyika na hewa hutoa povu. Pistoni ikipita kwenye povu haipati upinzani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Safari yenyewe ikiwa ndiyo kwanza inazaliwa, Christian Bourcier de Carbon alitenganisha mafuta na gesi yenye mgandamizo kwa pistoni inayoelea, povu likakosa nafasi. Bilstein wakaanza kuziunda kwa wingi kwa ajili ya Mercedes-Benz mwaka 1957.

Haya, tupige hesabu kidogo. Chukulia kona moja ya gari inabeba kilo 260 na springi yake ina ugumu wa nyutoni 20,000 kwa mita. Kona hiyo itadunda kama mara 1.4 kwa sekunde. Shokomzoba nzima, tuseme yenye asilimia 30 ya upinzani ambao ungezuia mdundo kabisa, itaacha karibu sehemu moja ya saba ya mdundo baada ya mzunguko mmoja. Ukiikandamiza kona sentimita 10, inaporudi chini inafika sentimita 1.4 tu. Punguza upinzani huo hadi asilimia 10, yaani shokomzoba iliyochoka, na inarudi sentimita 5.3, kisha 2.8, kisha 1.5. Hilo ndilo jaribio la fundi wa jua kali: anakalia boneti, anaachia, anahesabu. Hajasoma hesabu hii na hana haja nayo, macho yake yanaona tofauti ya 1.4 na 5.3 bila kalamu :-)

Lakini jaribio hilo lina shimo. Linapima mwili wa gari. Gurudumu nalo lina mdundo wake kati ya springi na tairi, na kwa gurudumu la kilo 30 hivi mdundo huo ni kama mara 12 kwa sekunde. Barabara zetu za vumbi zina vile vituta vilivyojipanga kama paa la mabati. Vikiwa umbali wa sentimita 70, gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linavigonga mara 12 kwa sekunde kamili. Ni kama kusukuma bembea kwa wakati wake hasa: gurudumu linaruka, linaacha kushika ardhi, na breki ya gurudumu lililo hewani haisimamishi kitu. Kwa kilomita 100 kwa saa unavigonga karibu mara 40 kwa sekunde, gurudumu linashindwa kuvifuata, gari linakuwa kama linaelea. Ndiyo maana madereva wa Safari walikanyaga mafuta pale ambapo wewe na mimi tungepunguza. Haikuwa ushujaa mtupu. Matatu inayojikokota kwa 30 inateseka kuliko wao.

Mwaka jana wakala mmoja kijana wa forodha alileta Subaru Impreza WRX kwenye gereji ya jirani yangu hapa Burumba. (Impreza nayo ina historia yake: Colin McRae alishinda Safari nayo mwaka 1997, Richard Burns mwaka 2000.) Malalamiko yalikuwa kwamba nyuma inahama ikipita kwenye vumbi. Jaribio la kukandamiza likapita kona zote nne, maana springi za gari lile ni ngumu na mwili hauchezi sana. Nikamwuliza, "Sasa mzee, tunajuaje?" Akanijibu, "Ngoja kijana wangu, tulitembeze kwanza." Tukalizungusha kwenye barabara ya vumbi kama dakika 20, tukarudi, akaingia chini na kushika shoki moja baada ya nyingine kwa kiganja. Tatu zilikuwa za moto. Ya nyuma kushoto ilikuwa baridi kabisa.

Nilicheka peke yangu. Sisi tukitafuta seva iliyokwama tunaangalia ile isiyotumia prosesa. Shokomzoba isiyopata joto haifanyi kazi, mtikisiko unapita bila kumezwa. Tairi la upande huo lilikuwa na mabonde mabonde kuzunguka, nalo ni ushahidi ule ule ulioandikwa polepole kwenye mpira. Mafuta yaliyovuja ni dalili pia, ila vali inaweza kufa ndani bila tone kutoka nje.

Kubadilisha: zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, la sivyo gari litakuwa na tabia mbili kwenye kona moja. 240Z na ile WRX zinafanana kwa jambo moja, zote zina shokomzoba ndani ya mguu wa springi kwenye magurudumu yote manne. Kwa hiyo lazima springi ikandamizwe kwa vibano kabla ya kufungua nati ya juu. Nimewaona watu wakifunga kamba na kuomba Mungu. Springi ile ina nguvu ya kuvunja taya, tafadhali usijaribu. Kwenye WRX unatoa mguu mzima na kuweka mpya. Kwenye 240Z unafungua nati kubwa ya bomba, unatoa cha zamani, unamwaga mafuta, unaingiza katriji mpya na kuongeza mafuta kidogo kati yake na bomba ili joto lipate njia ya kutoka. Mguu wa nyuma una pini ndefu ya chini ambayo kwa kutu hung'ang'ania hadi wengi huikata kwa msumeno.

Kuna wanaotoboa shoki ya zamani, kujaza mafuta na kuchomelea tena. Mafuta yanarudi, lakini vali na sili zilizolika ziko pale pale, na kama ilikuwa ya gesi, gesi imeshakwenda. Ya WRX tuliagiza mpya, jozi ya nyuma. Bolti za bushi alizikaza mwisho, gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, kisha tukarudi kwenye vumbi lile lile kwa dakika 20. Zote nne zikarudi za moto.