Mji Ulionunulia Watu Wake Umeme

Leo twataka kuwaeleza habari za mji wa Chicago, katika Marekani. Kwa miaka mingi wenyeji wake walinunua umeme kwa kampuni ya ComEd, yenye nyaya za mji. Tarehe 6 Novemba 2012 walipiga kura, wakaipa serikali ya mji idhini ya kuwanunulia umeme kwa pamoja, kama watu wanunuavyo mchele kwa gunia wakaepuka bei ya kibaba kibaba.

Mji ukaichagua kampuni ya Integrys, kwa sharti kwamba umeme usitokane na makaa ya mawe. Mwaka uliofuata, yaani 2013, mamia ya maelfu ya nyumba yakahamishwa, ila nyaya zilibaki za ComEd. Asiyetaka aliruhusiwa kukataa. Lakini aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amekubali.

Faida haikudumu. Bei ya ComEd nayo ilishuka, na mwaka 2015 mji ukauacha mkataba uishe, watu wakarudi walikotoka.

Twajifunza nini? Kununua pamoja kwaleta nguvu, lakini bei haina ahadi. Tena, penye desturi kama hiyo, kunyamaza nako ni jibu. Basi barua ya baraza na isomwe kabla ya kuwekwa kando.