Kipimo cha Baruti Katika Visiwa vya Lamu

Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts na Sayyid Said bin Sultan walitia saini mkataba wa urafiki na biashara. Kifungu chake kimoja kilihusu bunduki, baruti na risasi. Katika kisiwa cha Unguja bidhaa hizo ziuzwe kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine zote za Sayyid, mfanyabiashara yuko huru kumuuzia yeyote atakayetoa bei ya juu.

Lamu ilikuwa miongoni mwa bandari hizo nyingine. Miaka ishirini hivi kabla ya mkataba, Waamu waliwapiga Wapate na Wamazrui wa Mombasa pale Shela, baada ya maji kukupwa na vyombo vya wavamizi kukwama mchangani. Ushindi huo uliwafanya Waamu waombe ulinzi wa Sayyid, na ngome ya mji, iliyoanza kujengwa mwaka 1813, ikamalizika 1821. Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Pate, watu wa Siyu chini ya Bwana Mataka walikataa kuinama. Katikati ya miaka ya 1840 jemadari wa Sayyid, Hamad bin Ahmed Al-Busaidi, aliuawa huko, na Siyu haikusalimu amri hadi 1863, zama za Sayyid Majid, mwana wa Said. Katika visiwa vilivyokuwa na vita vya namna hii na misitu yenye ndovu nyuma yake, kifungu kile cha biashara hakikuwa jambo dogo.

Historia ya bunduki pwani husimuliwa kwa majina ya masultani na tarehe za mapigano. Kinachosahaulika ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hiyo kila mlio wa bunduki uliandaliwa na mikono ya mpigaji mwenyewe. Hakukuwa na risasi iliyokuja dukani ikiwa kamili. Baruti ilikuja peke yake, risasi peke yake, na usahihi wa shabaha ulitegemea jinsi mtu alivyovikutanisha viwili hivyo ndani ya mtutu.

Kwanza zilitumika bunduki za mrao, zilizowashwa kwa utambi unaofuka moshi. Zikaja za gumegume, ambazo jiwe hupiga chuma na cheche ikaangukia baruti kwenye kifa. Baadaye zikaja za fataki. Zote zilishamiriwa kwa njia moja, kupitia mdomo wa mtutu, nazo ndizo watu wanazoziita magobori. Mtu alimimina baruti, akaweka kitambaa au nyuzi za kumbi, akaingiza risasi ya duara, akashindilia kwa mdeki. Kisha akatayarisha cheche na kulenga.

Kila hatua ilikuwa na mlango wa kosa. Baruti ni mchanganyiko wa shura, kibiriti na makaa, na kasi ya kuungua kwake hutegemea ukubwa wa chembe. Chembe ndogo huwaka upesi na kusukuma kwa ghafla. Chembe kubwa huwaka polepole. Baruti ya biashara iliyoletwa Afrika kwa kawaida ilikuwa ya chembe nene, tena zisizolingana. Mtu aliyechota kiasi kilekile mara mbili angeweza kupata misukumo miwili tofauti, na risasi mbili zikaangukia mahali tofauti. Mdeki nao ulikuwa na neno lake: baruti iliyokandamizwa sana haiungui sawasawa na iliyolegea.

Tena kuna hewa ya Lamu. Makaa yaliyomo ndani ya baruti huvuta unyevu, na katika visiwa ambavyo upepo wa kusi huleta chumvi hadi ndani ya vyumba, chombo kisichozibwa vizuri kiliharibu bidhaa. Hata baruti kavu huacha masizi mazito ndani ya mtutu baada ya kila mlipuko, na masizi hayo hulowa. Ndiyo maana risasi za gobori zilifanywa ndogo kuliko upana wa mtutu, ili ziteremke hata mtutu ukichafuka. Lakini risasi yenye nafasi pembeni hugongagonga kuta inapotoka, na haijulikani itaelekea upande gani. Kwa bunduki ya mtutu laini, kumpata mnyama mmoja aliyesimama mbali zaidi ya hatua mia kulihitaji bahati kama kulivyohitaji ustadi.

Waboni wa bara ya Lamu, wanaojiita Aweer, hawakuwa na tatizo hilo. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale uliopakwa sumu iliyopikwa kutokana na miti ya porini. Msasi alinyemelea karibu, akapiga bila mlio wala moshi, kisha akafuata nyayo. Pembe zilizopatikana kwa kazi ya watu kama hao zilifika pwani zamani kabla ya bunduki kuenea, na siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na kuzidi urefu wa mita 2, inaonyesha jinsi mafundi wa visiwa hivi walivyoithamini mali hiyo. Ni haki kusema wazi kwamba kwa muda mrefu mshale wa Mboni ulikuwa chombo sahihi zaidi cha kusasa kuliko gobori lililotoka ng'ambo.

Walioshikilia bunduki walitafuta kufidia upungufu wa usahihi kwa ukubwa. Mfano ulio wazi ni wa Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho, katika Tanzania ya leo, Januari 1917. Alipoanza kuwinda ndovu kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870, alitumia magobori ya fundi Hollis wa Birmingham, yenye kurusha risasi ya wakia 4, yaani zaidi ya gramu 110 za madini. Akiwa anakimbia nyuma ya ndovu, baruti aliichota kwa mkono mtupu kutoka kwenye mfuko wa ngozi kiunoni. Siku moja mbebaji wake alishamiri bunduki ambayo tayari ilikuwa na baruti na risasi ndani. Selous alipofyatua, alirushwa kutoka ardhini na bunduki ikampita juu ya bega. Baadaye aliandika kwamba teke la bunduki hizo liliharibu utulivu wake wa kulenga, na akatamani asingezigusa kamwe.

Wakati huo Ulaya ilikwisha kupata jawabu. Ganda la shaba nyeupe au njano, lenye fataki kitakoni, baruti katikati na risasi mdomoni, lilifanya vitu vinne kuwa kimoja. Jeshi la Uingereza lilianza kulitumia katika bunduki za Snider mwaka 1866 na Martini-Henry mwaka 1871. Ndani ya mtutu kulichongwa mistari ya kuzunguka, risasi ikatoka ikizunguka na kushika njia yake. Baruti ilipimwa kiwandani, ikafungwa, na unyevu ukapata shida kuingia.

Lamu iliyaona mabadiliko hayo mapema. Katikati ya miaka ya 1880 makamu wa balozi wa Uingereza mjini humo alikuwa Jack Haggard, na ndugu yake Rider Haggard, mtunzi wa riwaya, aliwafikisha mashujaa wa kitabu chake *Allan Quatermain* cha mwaka 1887 Lamu, kabla hawajaanza safari ya kupanda Mto Tana. Nje ya riwaya, silaha zilimiminika kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa masalio ya majeshi ya Ulaya, yaliyokuwa yakiziacha za zamani kila yalipopata mpya.

Mwaka 1890 mlango ukafungwa. Tarehe 1 Julai Ujerumani ilikubali kuiachia Uingereza Witu, usultani wa bara uliokuwa umeanzishwa na Wanabahani waliohama Pate. Kesho yake, mjini Brussels, mataifa makubwa yalitia saini mkataba uliozuia biashara ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Septemba, Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa Witu; Oktoba, Admirali Fremantle wa Uingereza akapandisha askari kutoka pwani na kuuchoma mji. Mkataba wa Brussels ulipiga marufuku bunduki za kisasa na maganda yake. Kilichoweza kuruhusiwa kutoka katika maghala ya serikali kilikuwa gumegume lenye mtutu laini na baruti ya kawaida.

Sheria hiyo ilielezwa kuwa ya kupambana na biashara ya watumwa, na kweli bunduki ziliiendeleza biashara hiyo. Lakini matokeo yake mengine yanapasa kutajwa bila kificho. Mwafrika aliachiwa kupima baruti nyeusi kwa mkono wakati uleule ambapo Mzungu alianza kuwinda kwa baruti isiyo na moshi.

Baruti hiyo mpya iligunduliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Waingereza walipata ya kwao, cordite, iliyobuniwa na Abel na Dewar mwaka 1889. Nguvu yake iliisukuma risasi ndogo kwa kasi kubwa, kwa hiyo haikushuka upesi njiani na shabaha ya mbali ikawezekana. Ila ilikuja na ugonjwa mmoja ambao nchi za joto ziliufichua: kadiri cordite inavyopata joto, ndivyo mkandamizo wake unavyopanda. Ganda lililofanya kazi salama katika baridi ya Uingereza lingeweza kukwama ndani ya bunduki iliyoachwa juani. Kampuni ya John Rigby ya London ilipotoa risasi yake ya .416 mwaka 1911, ililipa ganda nafasi kubwa ya ndani ili mkandamizo ubaki chini hata kwenye joto kali.

Aliyeelewa umuhimu wa ganda la kuaminika kuliko wengi alikuwa W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, hesabu inayoumiza kuisoma leo, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ya kuwindia swala. Siri zake zilikuwa mbili. Alipasua vichwa vya ndovu ili ajue ubongo ulipo akiwa amesimama upande wowote, na alichagua maganda kwa ukali. Alipokumbana na maganda ya Kiingereza yasiyolipuka, aliyaacha, akashikamana na ya kiwanda cha DWM cha Ujerumani, ya uzito uleule wa risasi kila mara, ili kila pigo lifanane na lililotangulia.

Hamu hiyohiyo ya kila pigo kufanana na jingine ndiyo inayoongoza kazi ya kujaza maganda kwa mkono, safari hii mezani na kwa mizani. Ganda la shaba hupanuka bunduki inapolia, likaweza kubanwa, kupewa fataki mpya, baruti na risasi nyingine. Mpenda shabaha hupima baruti kwa kipimo ambacho 7,000 zake hufanya ratili moja, hupiga makundi ya risasi kwenye ubao, hubadilisha kidogo, hupiga tena. Anachotafuta ni kasi isiyobadilika, kwa sababu kwa umbali wa mita 300 tofauti ndogo ya kasi humpeleka mnyama porini na jeraha, na jeraha hilo ni dhambi ya mwindaji.

Nchini Kenya kazi hiyo haina tena msitu wa kuendea. Hifadhi za Boni na Dodori, bara ya Lamu, zilitangazwa mwaka 1976, na Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wote. Marufuku hayo yaliwakumba wageni wenye bunduki za gharama na Waboni wenye pinde kwa amri moja, ingawa maisha ya Waboni ndiyo yaliyotegemea nyama hiyo.

Tanzania bado inatoa leseni, na katika Pori la Akiba la Selous, kwenye sehemu iliyobaki baada ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kumegwa humo mwaka 2019, wawindaji hufika na maganda waliyojaza wenyewe, yasiyozidi kilo 5 ambazo mashirika ya ndege huruhusu kwa abiria. Wengi waliyapima nyumbani kwao wakati wa baridi. Wakifyatua chini ya jua la Selous, kasi hupanda na risasi hupiga juu ya alama. Baruti zilizobuniwa kupunguza tofauti hiyo sasa zinatengenezwa Mulwala, Australia, na mwindaji makini huja na jedwali la kasi alilopima kwa joto zaidi ya moja, kisha hupiga risasi chache ubaoni kambini kabla hajamfuata mnyama yeyote.