Namanga Ilipofungwa, na Siku Tuliyotoka COMESA

Kila tarehe 9 Desemba tunapokusanyika hapa Cato Manor, sahani za pilau zikishaondolewa, maongezi huhamia kwenye biashara. Wengi wetu ndiyo inayotuweka mjini: vipuri na nguo vinapanda basi kwenda nyumbani, vitenge na kanga vinarudi. Na hakosi mtu wa kuuliza: Tanzania ikijitoa katika jumuiya hizi za biashara, sisi tutapata hasara gani? Jibu tunalo katika historia yetu. Jumuiya moja ilitufia mikononi, nyingine tuliiaga wenyewe.

Iliyokufa ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza tarehe 1 Desemba 1967. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na reli moja, bandari chini ya shirika moja, posta moja na ndege moja. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Tanzania iliruhusiwa kutoza kodi maalumu kwa bidhaa za jirani ili viwanda vyake vichanga vipate kusimama. Manung'uniko hayakuisha. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na wakuu hao watatu hawakukutana tena. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege lilivunjika, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya.

Wazee wetu waliokulia Arusha na Moshi wanaikumbuka Namanga iliyonyamaza. Watalii waliozoea kushukia Nairobi na kuja Serengeti kwa gari walikatika. Kenya nayo ilipoteza soko letu pamoja na njia ya malori ya kwenda Zambia. Bidhaa zilizokuwa zikipita mchana zikapita usiku, kwa magendo. Tusiseme kila foleni ya sabuni ilitokana na Namanga. Vita vya Kagera na bei ya mafuta vilichangia sana. Lakini mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983, na makubaliano ya kugawana mali za Jumuiya yakatiwa saini mwaka 1984. Miaka saba kwa ugomvi wa ndugu!

COMESA ilikuwa habari nyingine. Serikali ilitoa notisi mwaka 1999, ikatoka mwaka 2000, mwaka uleule wanachama wengine walipoanzisha eneo lao la biashara huru. Hoja zilikuwa mbili: mapato ya forodha yangepungua, na nchi ilikuwa mwanachama wa jumuiya nyingi mno kwa wakati mmoja. Safari hii hakuna aliyefunga mpaka. Zambia na Malawi tulikuwa nazo SADC. Kenya na Uganda tulikutana nazo tena katika umoja wa forodha mwaka 2005. Tulichopoteza ni nafuu ya ushuru kwa nchi kama Misri, na pia Rwanda na Burundi mpaka zilipojiunga na Jumuiya mwaka 2007. Kwa maoni yetu, tuliweza kutoka bila kuumia sana kwa sababu mlango mwingine ulikuwa wazi.

Kwetu sisi wa Durban mlango huo ni SADC, kwani Afrika Kusini haijawahi kuwa COMESA. Tangu eneo huru la SADC lianze mwaka 2008, bidhaa nyingi zilizotengenezwa hapa huingia Tanzania bila ushuru wa forodha, zikiwa na cheti cha uasili. (Simu ya China haigeuki ya SADC kwa kununuliwa Durban, jambo ambalo baadhi yetu tumejifunza kwa gharama.)

Na mlango ukiwa wazi, bado watu hugombana mlangoni. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi, ikilalamika kwamba ndizi zetu zilikuwa hazikubaliwi huku. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, mazungumzo yalipoanza. Lakini siku hizo chache simu zilizotoka nyumbani kuuliza habari za matofaa zilikuwa nyingi kuliko za salamu.